Namna ya kurekodi kumbukumbu za utotoni za wakati wa uvamizi: mwongozo kamili kwa wanaohoji wazee Tanga

Vijana wanaoniletea rekodi zao hapa Ngamiani huja na tatizo lile lile. Mama aliyekuwa na miaka 9 ng'ambo ya Mto Kagera mwaka 1978 amezungumza saa nzima, na ukisikiliza, unachosikia ni taarifa ya habari. Nduli Amin kavamia, Mwalimu Nyerere kahutubia, vijana wetu wamempiga, tumeshinda. Mtoto hayumo. Yule aliyeamshwa usiku akafungiwa mdogo wake mgongoni hajatokea hata dakika moja.

Na mimi nilianza hivyo hivyo. Rekodi yangu ya kwanza, ya mzee mmoja wa Chumbageni, ina saa 1 na dakika 40, na ningeweza kuyapata yote aliyosema kwenye kitabu cha darasa la saba bila kumchosha mzee wa watu.

Mwongozo huu ni wa kumpata huyo mtoto. Nina watu wa aina mbili akilini. Wa kwanza ni wale waliozaliwa Ziwa Magharibi, Mkoa wa Kagera wa leo, wakaishi utotoni chini ya askari wa Idi Amin wa Uganda kwa wiki chache, kisha maisha yakawaleta Tanga kwa ndoa, bandari, reli au mkonge. Wa pili ni wazee wa Tanga wenyewe, waliorithi kwa bibi na babu zao habari za Mwingereza alivyoingia mjini mwaka 1916. Hatua nyingi ni moja. Panapotofautiana nitasema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Simu yenye programu ya kurekodi inayoweza kuhifadhi kwa WAV. Saa moja ya WAV ya kawaida, maiki moja, hula kama MB 320. Acha nafasi ya GB 2 usije ukakwama katikati.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Kama huna, kunja khanga mara nne, uweke simu juu yake. Simu iliyolala moja kwa moja juu ya meza hunasa kila kikombe kinachowekwa.
- Spika za masikioni za waya, za kujaribia sauti.
- Pawabanki iliyojaa.
- Daftari na kalamu mbili.
- Karatasi kubwa nyeupe mbili au tatu na penseli. Watu wengi huzidharau hizi, na ndizo zitakazokuokoa kwenye hatua ya 5.
- Fomu ya ridhaa, nakala mbili, kwa Kiswahili chepesi.
- Karatasi ya tarehe. Inaelezwa hatua ya 1.
- Kilo ya sukari au chochote cha kuingia nacho. Usiende mikono mitupu. Ila usimlipe mtu kwa dakika, maana atakuongezea dakika.

## Hatua ya 1: Andaa karatasi ya tarehe, kisha ifiche

Andika upande mmoja tu wa karatasi mambo ambayo hayana ubishi. Kwa walioishi kaskazini ya Mto Kagera, yangu ina haya:

Mwisho wa Oktoba 1978, majeshi ya Uganda yanavuka mpaka. Tarehe 1 Novemba, Amin anatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni la Uganda. Tarehe 2 Novemba, Mwalimu anahutubia taifa kupitia redio. Tarehe 3 Novemba, daraja la Kyaka, la kuvukia Mto Kagera, linalipuliwa. Katika Novemba hiyo hiyo jeshi letu linaanza kuvuka mto kurudi, na baadaye eneo linakombolewa. Tarehe 11 Aprili 1979, Kampala inaanguka.

Kwa hadithi za Tanga: mwanzoni mwa Novemba 1914, Mwingereza anashusha askari wake, wengi wao Wahindi, upande wa Raskazone, anapigwa, anarudi melini. Tarehe 7 Julai 1916, anaingia mjini, na safari hii habanduki.

Karatasi hii haitumiki kumsahihisha mtu. Kazi yake ni kukuonyesha mahali pa kuuliza swali dogo zaidi. Chukua daraja la Kyaka. Mama akisema "tulivuka darajani kwa miguu", basi familia ile iliondoka mapema, kabla ya tarehe 3. Akisema walivuka kwa mtumbwi, au hawakuvuka kabisa, uko kwenye hadithi nyingine, ya waliobaki ndani. Hayo ni maisha mawili tofauti na maswali yake ni tofauti.

Tazama pia majina. Mwaka 1978 mkoa ule uliitwa Ziwa Magharibi, na jina la Kagera lilikuja mwaka 1979, baada ya uvamizi. Kwa hiyo anayekwambia "sisi watoto wa Mkoa wa Kagera" hajakosea, lakini anazungumza na umri wake wa leo. Neno "nduli" nalo ni vivyo hivyo. Lilikuwa neno la redio na la mikutano ya hadhara. Ukilisikia, jua anayeongea hapo ni redio.

Onyo: usiitoe karatasi hiyo mbele yake. Akiziona tarehe atazisoma, na baada ya hapo hutapata tena kumbukumbu yake bali karatasi yako kwa sauti yake.

## Hatua ya 2: Nenda mara ya kwanza bila kurekodi

Vijana wengi huruka hapa kwa sababu nauli ni ya mara mbili. Lakini ukimtolea mtu simu siku ya kwanza atakupa hotuba, maana ndivyo watu wanavyofanya mbele ya chombo cha kunasa sauti. Nenda, amkia vizuri, shikamoo mama, shikamoo baba, kaa, kunywa chai. Eleza wewe ni mtoto wa nani na mtaa gani. Hapa Tanga bila hilo huendi popote.

Siku hiyo ulizia mambo matatu tu: alizaliwa mwaka gani na wapi, alikuwa na nani nyumbani, na nani angependa awepo au asiwepo siku ya mazungumzo. Hilo la tatu ni zito kuliko linavyoonekana. Kuna mama wa Makorora aliyeniambia, "Njoo Jumanne, wakati mume wangu kaenda kiwandani." Mumewe hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba kila akianza kusimulia, mzee humsahihisha, na mzee mwenyewe ni Msambaa aliyeijua vita ile kwa redio akiwa Korogwe.

Ridhaa nayo ichukue siku hiyo. Msomee fomu yote, usimpe tu asaini. Iseme nani atasikiliza, itahifadhiwa wapi, jina lake litumike au lifichwe, na kwamba anaweza kusema "futa" hata baada ya mwaka. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hili si adabu peke yake.

Onyo: usikubali mtoto wake amsainie. Kama hawezi kuandika, aweke dole gumba na atamke ridhaa yake kwenye rekodi.

Utajua umefaulu pale utakapolazimika kumzuia. Ataanza mwenyewe: "Unajua siku ile baba alikuwa…" Hapo mwambie, "Mama, usinimalizie leo, niwekee." Usimulizi wa mara ya kwanza ndio wenye nyama. Ukiupoteza kwenye chai, siku ya kurekodi utapata muhtasari.

## Hatua ya 3: Tayarisha chumba

Kwa Tanga maadui wa rekodi ni wanne: feni, bodaboda, jokofu na kunguru. Zima feni japo kuna joto. Zima jokofu, ila uweke ufunguo wako au kiatu kimoja juu yake ili usisahau kuliwasha unapoondoka. Nilisahau mara moja na samaki wa watu wakaoza.

Bodaboda na kunguru utawakwepa kwa kuchagua chumba cha ndani chenye godoro na mapazia. Ua ni pazuri kwa maongezi, kwa sauti ni pabaya. Ufukweni kule Raskazone usijaribu kabisa, upepo utakuwa ndio msimuliaji.

Chagua saa tatu hadi saa tano asubuhi. Adhana ikikukuta, simamisha, subiri, endelea. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa spika za masikioni, kisha anza kwa kutamka tarehe, mtaa na nani wapo chumbani.

## Hatua ya 4: Mwache atoe taarifa ya habari

Wengi hushindwa hapa kwa haraka yao. Mama akianza "Iddi Amini alipovamia nchi yetu", wanamkatiza: "Hapana mama, wewe mwenyewe ulionaje?" Anajisikia amekosea mtihani. Baada ya hapo atajibu kwa sentensi fupi fupi mpaka mwisho.

Mpe dakika 10 hadi 15. Hadithi ile ya taifa ameibeba zaidi ya miaka arobaini, ameisikia shuleni, kwenye gwaride, kwenye redio, na anaamini ndiyo uliyoifuata. Mpaka aitue, mikono yake haiko huru kushika kitu kingine. Sikiliza kwa heshima, tikisa kichwa, na uandike pembeni kila mahali aliposema "sisi" akimaanisha familia na si Tanzania. Utapata mawili au matatu. Hizo ndizo nyufa utakazoingilia.

Akimaliza, sema hivi, kwa upole: "Ahsante mama. Sasa nirudishe nyuma, kabla hamjasikia chochote cha vita. Nyumba yenu ilikuwaje?"

## Hatua ya 5: Shuka mpaka kwenye kimo cha mtoto

Hii ndiyo kazi yenyewe, na itakula saa nzima au zaidi.

Mtoto wa miaka 9 hajui mpaka wa nchi. Anajua kitanda, mlango, njia ya kisimani, migomba nyuma ya jiko, ng'ombe mwenye madoa, mdogo wake anayelia. Vita ilimfikia kupitia vitu hivyo, na kumbukumbu yake iko kwenye vitu hivyo bado. Ukimuuliza "mlijisikiaje?", unamuuliza mtu mzima. Ukimuuliza "mlilala wapi usiku ule?", unamuuliza mtoto.

### Mchorishe nyumba

Toa karatasi kubwa. Mpe penseli. Kama anaona aibu ya kuchora, chora wewe kwa maelekezo yake na ukosee makusudi. Atakunyang'anya penseli, nakuhakikishia. Aonyeshe mlango, jiko, zizi, shamba la migomba, njia ya kwenda shule, nyumba ya jirani. Kisha uliza: "Askari walitokea upande gani?"

Hapo mara nyingi mkono hutangulia mdomo. Kidole kinakwenda kwenye karatasi, kinasimama, na mtu ananyamaza. Usimsaidie. Hesabu moyoni mpaka kumi na tano. Sisi watu wa pwani hatupendi kimya kwenye mazungumzo, tunakijaza kwa "enhee" na "pole". Hapa kijaze kwa kutofanya chochote. Ikiwa ni lazima useme pole, iseme mara moja, kisha nyamaza tena.

Kwa kuwa simu haioni kidole, tamka kinachotokea: "Mama anaonyesha nyuma ya zizi."

### Maswali yanayofungua

Nimeyajaribu haya kwa miaka kadhaa. Usiyasome kama orodha, chagua linalofuatana na alichokwisha sema.

"Mlikuwa mnakula nini siku zile, na nani alikuwa anapika?" Chakula hufungua karibu kila mtu. Wakijificha shambani, moshi ulikuwa ni hatari, kwa hiyo swali la jiko linakupeleka kwenye hofu bila kuitaja hofu.

"Watu wazima walikuwa wakikwambia nini usifanye?" Makatazo ndiyo sheria za vita kwa mtoto: usikohoe, usiende kisimani, usiseme baba yuko wapi.

"Mlikuwa mnawaitaje wale askari, nyumbani, ninyi kwa ninyi?" Jina la nyumbani likitoka, "nduli" anaondoka chumbani.

"Walikuwa wanazungumza lugha gani, na mlielewa?" Mpakani pale watu wanaelewana na upande wa pili kwa Kiganda, wengine wana ndugu huko. Adui anayeongea lugha ya shangazi yako si sawa na adui wa kwenye redio. Hapa nimepata mambo ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote.

"Nani alikubeba, au wewe ulimbeba nani?"

"Kuna kitu ulikiacha nyumbani ukataka kukirudia?"

Na moja la msimu: "Ilikuwa wakati gani wa mwaka, mlikuwa mnaokota au mnavuna nini?" Liache wazi hivyo hivyo. Novemba kule ni mvua na ni msimu wa senene. Mtoto wa Kihaya haukumbuki mwezi kwa kalenda ila anakumbuka kama mwaka ule alikula senene au hakula. Akiwataja senene mwenyewe, una uthibitisho mzuri kuliko tarehe. Ukiwataja wewe, umeuua uthibitisho wako kwa mdomo wako.

### Mpe nafasi ya Kihaya

Kama kuna sentensi aliyoambiwa utotoni, mwombe aiseme kama ilivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, halafu ndipo aieleze kwa Kiswahili. Sauti hubadilika papo hapo. Mama yule wa Makorora amekaa Tanga tangu ujana wake, Kiswahili chake kina ladha ya hapa kuliko changu, lakini neno la mama yake la kumnyamazisha migombani alilitoa kwa Kihaya, na lilitoka kwa sauti ya mtoto. Nilipata vipele mkononi.

Onyo: usiulize maswali yenye jibu ndani. "Mliogopa sana, eti mama?" Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Mtoto mwingine hakuogopa, alifurahi kwamba shule imefungwa. Ukimpa hofu yako atajionea haya furaha yake na ataificha.

Utajua umefaulu akianza kutumia wakati uliopo bila kujua: "baba anasema tutoke, mimi naitafuta kandambili yangu, siioni…"

## Hatua ya 6: Yanapokuja mazito

Watu waliuawa, wanawake walitendewa mabaya, mifugo ikaswagwa, nyumba zikabomolewa. Mtoto anaweza kuwa aliyaona. Usiyatafute. Yakija yenyewe, yapokee.

Akilia, usizime rekodi kwa haraka kana kwamba amefanya aibu. Muulize: "Mama, tuzime?" Akisema zima, zima kweli, mwonyeshe kioo cha simu. Akitaja jina la mtu aliyemtendea vibaya, au jirani aliyedhulumiwa, weka alama kwenye daftari. Hilo mtaliamua pamoja baadaye kama libaki au litolewe.

Wajukuu wasiwemo chumbani. Bibi akiwaona atapunguza makali ili asiwaogofye, au atasema jambo ambalo hakupanga walijue.

Na usimwache hapo. Dakika 15 za mwisho zihame kutoka vitani: walivyorudi nyumbani, walichokikuta kimesimama, siku ya kwanza shuleni, jinsi alivyofika Tanga mara ya kwanza na akaonaje bahari. Sababu yake ni rahisi: wewe utapanda baiskeli urudi kwako, yeye atabaki na chumba kile kile.

## Hatua ya 7: Chuja aliyoyaona na aliyoyasikia

Siku ya pili, ukiwa peke yako, sikiliza tena ukiwa na kalamu za rangi tatu. Rangi moja kwa alichokiona kwa macho, ya pili kwa alichosikia siku zile zile, ya tatu kwa alichokuja kuambiwa au kusoma baadaye. Hakuna rangi iliyo bora. Ni kwamba msomaji anastahili kujua ipi ni ipi.

Kosa la kawaida kwenye uchujaji ni njaa na foleni. Wengi huchanganya wiki zile za uvamizi na dhiki iliyofuata nchi nzima: sukari ya kupanga foleni, sabuni ya kukata vipande, unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Dhiki hiyo iliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1980, na mtoto wa Tanga aliionja sawasawa na wa Bukoba. Mama akisema "wakati wa vita tulikula yanga", muulize: "Huo yanga mliula nyumba ipi, ile ya kwenye mchoro wetu au nyingine?" Nyumba humaliza ubishi ambao mwaka hauwezi kuumaliza.

### Kwa hadithi za 1914 na 1916

Hapa hakuna aliyeona. Kwa hiyo kabla ya hadithi, rekodi mnyororo: nani alikuwepo, alikuwa na umri gani, alimwambia nani, na huyo alimwambia msimuliaji wako akiwa na umri gani, wakiwa wapi. Bila mnyororo una ngano, ambayo ni nzuri lakini ni kitu kingine.

Nyuki watatokea. Katika mapigano yale ya 1914 risasi ziliwachokoza nyuki wakawashambulia watu, na Waingereza wenyewe wakaamini ni mtego wa Mjerumani. Hapa mjini utahadithiwa kwamba walitegwa, kwamba walisomewa, kwamba walitumwa na mizimu. Usibishe. Swali lako liwe: "Bibi yako, alipokusimulia, alisema alikuwa amejificha wapi nyuki walipokuja?" Kama mnyororo una mtoto ndani yake, jibu litakuwa la mtoto: chini ya kitanda, ndani ya pipa, kwenye khanga ya mama. Kama hauna, utarudishiwa nyuki.

Uliza pia nani aliitwa adui. Swali hili ni gumu na ndiyo maana nalipenda. Mjerumani alikuwa mtawala wa mabavu, Mwingereza akaja kumwondoa akakaa mahali pake. Babu mmoja alikuwa askari wa Mjerumani, kaka yake akachukuliwa na Mwingereza kubeba mizigo. Ndani ya nyumba moja adui alikuwa nani? Familia nyingi za Tanga hazijawahi kuulizwa hivyo, na ukiwauliza wanatazamana kwanza.

## Hatua ya 8: Hifadhi usiku huo huo

Usilale kabla hujafanya haya. Nakili faili mahali pawili zaidi: flashi moja, na kompyuta au akaunti ya kuhifadhia mtandaoni. Lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, halafu mtaa, halafu herufi za siri za msimuliaji ikiwa hataki jina. "Rekodi mpya 14" si jina.

Usitume kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, itabanwa na ubora utapotea. Ukilazimika, itume kama faili.

Piga picha mchoro wa nyumba kwa mwanga wa mchana na uuhifadhi na sauti. Mchoro bila sauti ni mistari tu.

## Hatua ya 9: Andika neno kwa neno

Saa moja ya mazungumzo hunichukua saa 5 au 6 kuandika. Ukimaliza kwa saa mbili, umefupisha.

Andika kama alivyosema. Akisema "tukaenda tukaenda tukaenda", ziandike zote tatu, maana huo ndio urefu wa safari. Usimgeuzie Kiswahili chake kiwe cha gazeti. Maneno ya Kihaya yaandike, na maana yake mwulize yeye mwenyewe, usikisie kwa mtu wa Bukoba uliyekutana naye stendi. Kimya kirefu kiandike: [ananyamaza]. Kicheko pia, hasa kinapokuja mahali ambapo hukukitarajia.

## Hatua ya 10: Rudisha

Chapisha kwa herufi kubwa, umpelekee. Kama hasomi, msomee wewe, tena peke yenu. Acha ukingo mpana upande wa kulia kwa masahihisho.

Kuna kitakachofutwa. Vumilia, futa mbele yake. Lakini mara nyingi kuna kitakachoongezwa, kwa hiyo nenda na simu imejaa chaji na maiki mfukoni. Mama wa Makorora nilimsomea kurasa zake zote 22, akasikiliza amefumba macho, akasahihisha jina la mbwa. Nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni akasema, "Ile njia uliyoichora inapita kushoto ya mgomba mkubwa. Haikupita kushoto. Kushoto ndiko alikobaki bibi." Nikavua kiatu, nikarudi kukaa.

Masahihisho ya namna hiyo yape faili lake, tarehe yake, na ridhaa yake mpya.